Mchanga Ulisema Hajazaliwa

Gwiza alikuwa mtu wa kuzungumza na karatasi. Karatasi haikuulizi utaolewa lini, wala haikuambii upaze sauti wenzako wakusikie. Ukiiacha jioni, asubuhi utaikuta palepale, haijanuna. Ndiyo maana Bibi yake alipomwomba amtafute mtu aliyepotea zaidi ya miaka sabini iliyopita, hakwenda kwa watu. Alikwenda kwenye nyaraka.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1992. Redio ilizungumzia mapigano ya kaskazini asubuhi, na mazungumzo ya amani jioni, na watu wa Biryogo, mtaa wa Wanyarwanda waongeao Kiswahili, walisikiliza yote mawili huku wakiendelea kupiga pasi, kushona na kukaanga sambusa. Gwiza na Bibi Mukandayisenga waliishi wawili tu katika nyumba yenye ua mdogo, nyuma ya mafundi cherehani. Bibi ndiye aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki, akamsomesha kwa kuuza maharage na unga mpaka akamaliza chuo kikuu Butare. Sasa Gwiza alikuwa mfasiri wa nyaraka katika ofisi moja ya serikali kule Kimihurura, na Bibi alikuwa amebaki na jicho moja linaloona ukungu. Jingine lilikwisha kufunikwa na mtoto wa jicho.

Siku aliyotoa ombi lake, Bibi alikuwa ameketi mkekani na ungo mapajani, akichambua maharage kwa vidole. Yalikuwa maharage mekundu yenye mchirizi mweupe ubavuni, mbegu ambayo haikuonekana sokoni. Nyumbani kwao waliiita mbegu ya mtoto Mswahili. Ilisemekana kwamba zamani, mwishoni mwa vita vya Wazungu, mtoto mmoja mgeni alipita mlimani kwao, akaacha kifuko cha mbegu hiyo, akaenda zake. Hakuna aliyejua zaidi ya hapo, na hakuna aliyeuliza. Ilikuwa inaiva upesi na mchuzi wake ni mzito, yatosha.

"Gwiza, mwana wanjye," Bibi akasema, "mama mkwe wangu aliniachia neno, na sijalitimiza."

Gwiza akaweka kitabu chini. Habari ya mama mkwe huyo aliijua vipande vipande. Mumewe alichukuliwa kubeba mizigo ya askari waliokwenda Tabora, akaacha mke na watoto wawili wadogo. Vita vikaisha. Wengine wakarudi, yeye hakurudi. Haikuja habari, hakukuwa na maiti wala kaburi. Mke hakuweza kumlilia kwa kuwa hakujua kama amekufa, wala hakuweza kuolewa kwa kuwa hakujua kama hayupo. Kila mavuno alimpakulia sahani yake, akaiacha ipoe.

"Siku anakata roho alinishika mkono," Bibi akaendelea. "Akasema: 'Habari ikifika, mmoja wa damu yake asimame mlangoni aliite jina lake. Mlieni, kisha mmalize matanga. Isipofika, mngojeeni.' Basi nimengoja. Mume wangu alikufa akingoja, baba yako naye akafa. Sasa mimi ndiye nimebaki, nami naelekea huko aliko mama yule. Nikifika ataniuliza, 'Habari ilifika?' Nitamjibu nini?"

Chini ya godoro la Gwiza palikuwa na kurasa alizozianza tangu chuoni, riwaya ambayo hakumwonyesha mtu ila rafiki yake Médiatrice, na mhusika wake alikuwa mtu huyohuyo. Riwaya ilikuwa imekwama sura ya tatu. Mpagazi amefika mtoni, mzigo kichwani, na mwandishi hajui amvushe au amwache ng'ambo. Alimtoroka mkewe, au alikufa? Bibi na riwaya walikuwa wakiuliza swali moja.

"Aliitwa nani, Bibi?"

Vidole vya Bibi vikasimama kidogo juu ya ungo. "Sisi tulimwita Rwema."

Gwiza akaliandika jina hilo, akalipigia mstari.

*

Chumba cha nyaraka kule Kimihurura kilikuwa chini ya ngazi, na mtunzaji wake, Damascène, alikuwa na kikohozi kama cha gari lisilotaka kuwaka. Alimpenda Gwiza kwa sababu ndiye pekee aliyeshuka kule kwa hiari.

"Mademoiselle Gwiza! Karibu kwetu. Hapa iko karatasi, haiko watu. Utafurahi sana."

Alifurahi kweli. Kila baada ya kazi walifungua maboksi ya enzi ya Wabelgiji, wakasoma majina ya wapagazi yaliyoandikwa na makarani ambao, kwa maneno ya Damascène, walisikia Kinyarwanda kwa pua. Kazi ilikuwa ngumu kuliko ilivyoonekana. Kwa Wanyarwanda kila mtu ana jina lake. Mtoto harithi jina la baba, kwa hiyo huwezi kushika jina la mjukuu ukalifuata hadi kwa babu. Ukikosa jina lenyewe, umekosa mtu.

Damascène alisoma kwa sauti ili asisinzie. Siku moja akaangua kicheko mpaka kikohozi kikamshika.

"Sikia huyu. Sebishyimbo! Baba wa maharage! Sasa huyu walimbebesha nini, sufuria?"

Gwiza naye akacheka, maana ibishyimbo ndiyo maharage kwa Kinyarwanda, na jina lile lilikaa kwenye karatasi ya serikali kama kuku aliyeingia kanisani. Akafunua ukurasa uliofuata.

Rwema walipatikana watatu. Mmoja alikuwa mtoto mchanga wakati wa vita. Wa pili alikuwa mtu mkubwa asiyebeba hata mwavuli wake. Wa tatu alirudi salama, akafa uzeeni mbele ya wajukuu. Maboksi yakaisha.

"Basi huyo wako hakuandikwa," Damascène akasema kwa upole. "Wengi hawakuandikwa."

Médiatrice, aliyekuwa akipiga taipu chumba cha pili na ambaye haya hakuzaliwa nazo, alikuwa na dawa nyingine.

"Karatasi ni za waliohesabiwa, dada. Aliyepotea hutafutwa kwa wanaoona."

"Waganga? Médiatrice, mimi ni Mkatoliki."

"Na mimi nani, mke wa Farao? Twende kwa ajili ya kitabu chako. Mwandishi akienda kwa mganga si dhambi, ni utafiti."

Wakaenda kwanza Nyabugogo, nyuma ya maghala ambako wapagazi hushusha magunia ya viazi huku wakitukanana kwa upendo. Mama mmoja huko alipiga ramli kwa mafuta ya kondoo. Aliyaweka juu ya kigae cha moto, akayatazama yakiyeyuka, na maneno yakamtoka kama maji ya bomba. Anaona ziwa. Anaona mwanamke wa Kizungu. Rwema alioa wake wawili huko aliko, mmoja ana mwanya. Amekufa majini, lakini pia yu hai, anakohoa kidogo.

Gwiza aliandika mpaka kalamu ikaisha wino. Walipotoka Médiatrice akamnong'oneza, "Amekufa na yu hai, ana wake wawili na hajulikani alipo. Huyo si babu yako, huyo ni mwanasiasa."

Wa pili alikuwa jirani. Mwalimu Sefu aliishi Biryogo, njia ya tatu kutoka kwao, mzee wa miaka themanini na zaidi, uso wote umejaa makovu ya ndui kama mawe yaliyonyeshewa na mvua ya mwanzo. Alifundisha watoto Kurani, na mwenye shida alimtandazia ubao wa mchanga. Kiswahili chake kilikuwa cha Tabora, safi, na watoto walimwigiza kwa siri.

Gwiza alimjua kwa macho tangu utotoni na hakuwahi kumwambia zaidi ya shikamoo.

"Jina la mtu, na jina la mama yake," Mwalimu akasema.

"Rwema. La mama yake silijui."

"Haya, tujaribu kwa moja."

Akapiga nukta mchangani, akazihesabu kwa midomo, akafuta. Akapiga tena, akafuta. Mara ya tatu akajikuna kovu la shavu.

"Binti, sijui nikwambie vipi. Mchanga unasema mtu huyu hajazaliwa."

"Ni babu wa baba yangu, Mwalimu."

"Nimekuelewa. Lakini ndivyo unavyosema. Wengine wangekutia chumvi hapa, mimi sina chumvi. Hajazaliwa." Akakataa kupokea chochote, akaonekana kuona aibu kwa niaba ya mchanga wake.

Gwiza akarudi nyumbani akiwa amekata tamaa. Bibi alimsikia kwa mlio wa ndara zake. "Umepata?"

"Bado, Bibi."

"Haya."

Kuanzia siku hiyo Bibi hakuuliza tena, na kutouliza kwake kulimwuma Gwiza kuliko swali.

*

Mwisho wa kiangazi Bibi akashikwa na homa. Zahanati wakampa dawa, homa ikashuka, lakini nguvu hazikurudi. Alilala akiutazama ukuta ambao hakuuona.

"Nenda Kinyinya ukamwambie wifi yangu aje," akasema. "Nataka kumuaga nikiwa bado na ulimi."

Wifi huyo alikuwa Kamikazi, dada wa marehemu mume wake. Jamaa wote, wakubwa kwa wadogo, walimwita Shangazi. Alikuwa mkubwa kuliko Bibi na bado akilima, na sauti yake ilifika kabla yake. Gwiza alimwogopa. Kila walipokutana Shangazi alimshika kidevu mbele za watu na kuuliza, "Huyu ataolewa na kamusi?" Ndiyo sababu katika miezi yote ile ya kutafuta hakuwahi kupanda Kinyinya. Alijiambia njia ni ndefu.

Siku hiyo alipanda. Kwenye kizuizi cha barabarani askari wakaangalia vitambulisho kwa muda mrefu, abiria wakatazama miguu yao, kisha gari likaruhusiwa. Toka lilipomshusha alitembea kati ya mashamba ya mtama uliokwisha kuvunwa mpaka akamsikia Shangazi, kisha akamwona, ameinama na jembe, akimgombeza mbuzi wa jirani.

"Gwiza! Umekuja na mchumba au umekuja na miguu tu?"

"Na miguu tu, Shangazi. Bibi hajiwezi. Anakuita."

Shangazi akasimika jembe ardhini. Utani ukamtoka usoni. "Anaumwa nini?"

"Homa imepona. Lakini..." Na hapo Gwiza, ambaye maneno yake yalikuwa ya kuvutwa kwa kamba, akajikuta anayamwaga yote: neno la mama mkwe, sahani iliyopoa, maboksi ya Kimihurura, mafuta ya kondoo, mchanga. "Nimemtafuta Rwema kila mahali, Shangazi. Bibi atakufa na swali lake mkononi kwa sababu nimeshindwa kumpata Rwema."

Shangazi akakunja uso. "Rwema ni nani?"

"Rwema! Baba yako."

"Baba yangu mimi?"

Mama mzee akamtazama. Halafu tumbo lake likaanza kutikisika, likafuatiwa na mabega, akashika mpini wa jembe asije akaanguka. Mbuzi wa jirani akakimbia.

"Yewe mwana! Miaka yote ya shule! Ulimwuliza mkamwana jina la baba mkwe wake?"

"Nilimwuliza Bibi."

"Ndiyo huyo! Mwanamke aliyeolewa halitamki jina la baba mkwe wake. Hata kama hakuwahi kumwona, hata kama amekufa. Litamkaukia kinywani. Wala neno linalofanana nalo halitamki. Alipokuja kuolewa, mama yangu alimpa jina la kusemea: Rwema. Ni jina la heshima, la kuzungukia. Mtu wa jina hilo hakuwahi kuwepo."

Gwiza akasimama kama aliyepigwa na jua. Mtu huyu hajazaliwa.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Akuambie nini? Yeye anajua kila mtu anajua. Samaki akuambie maji yamelowa? Hebu sema, umewahi kumsikia akitaja chakula chake anachokiuza kwa Kinyarwanda?"

Gwiza akafumba macho. Akamsikia Bibi mlangoni akipatana bei na wateja, Kinyarwanda kinatiririka vizuri, kikifika kwenye maharage kinaruka na kuangukia Kiswahili, kisha kinarudi. Maharage, siku zote. Mahali pengine mtu angeshangaa, lakini Biryogo ni nani angeshangaa? Pale mtu huanza sentensi kwa lugha moja, akaimaliza kwa nyingine, na kati yake akaomba radhi kwa Kifaransa.

"Mimi ni damu yake, mimi sina mwiko," Shangazi akasema, na sauti yake kubwa ikawa ndogo kwa mara ya kwanza. "Baba yangu aliitwa Sebishyimbo."

Gwiza akaketi juu ya tuta. Akakumbuka chumba cha chini ya ngazi, na kicheko cha Damascène, na kidole chake mwenyewe kikifunua ukurasa.

*

Walishuka pamoja, Shangazi amejifunga kitenge cha kanisani na kubeba kibuyu cha pombe ya mtama, kwa kuwa haendi mtu kwa mgonjwa mikono mitupu. Walipofika Biryogo jua lilikuwa bado juu. Gwiza akamwacha Shangazi mlangoni, akiwa tayari anamtania wifi yake kwamba amejilaza ili asipike, naye akageuka akaenda mbiombio njia ya tatu. Hakujua hasa anafuata nini. Alitaka tu kumwondolea mzee wa watu aibu aliyomwachia.

Mwalimu Sefu alikuwa barazani, watoto wametoka tu.

"Shikamoo, Mwalimu. Mchanga wako ulisema kweli."

"Marahaba. Ulisema nini?"

"Kwamba hajazaliwa. Rwema hakuwepo. Lilikuwa jina la Bibi la kuzungukia, kwa ajili ya heshima. Mtu mwenyewe aliitwa Sebishyimbo."

Mzee alikuwa akikunja mkeka. Akauacha ukafunguka wenyewe.

"Sebishyimbo yupi? Aliyekwenda Tabora?"

Gwiza akapanda barazani. "Unamjua?"

"Kumjua? Alinibeba mabegani nilipochoka. Baba yangu alikuwa mkuu wa wapagazi, tulikuwa tunarudi nao huku, mimi mtoto wa miaka tisa, kumi. Sebishyimbo akawa na kifuko cha mbegu za maharage, amezipata Tabora, hakuruhusu mtu azionje. 'Za mke wangu,' anasema. Tukafika Nyabugogo, tukapiga kambi upande wa huku wa mto, na hapo ndui ikatuingia." Akaugusa uso wake. "Mimi nilikwisha kuugua Tabora nikapona, kwa hiyo haikunitaka tena. Yeye ilimtaka. Wenzake wakamwambia, kwako ni pale, jikongoje ukafie kwako. Akakataa. 'Nina watoto wawili wadogo pale,' akasema. 'Ndui haivuki mto huu juu ya miguu yangu.'"

Gwiza aliona mto wake wa sura ya tatu, na mtu amesimama kwenye ukingo. Kumbe hakuwa ametoroka. Alikuwa amesimama pale kwa kukusudia.

"Alipofariki tulimzika palepale, juu kidogo ya kinamasi. Nami nikatumwa na kifuko, kwa sababu ni mimi tu nisiyeogopewa kuleta ugonjwa. Mwenzetu mmoja akanifikisha chini ya mlima, akanionyesha nyumba yenye ua wa minyaa. Nikapanda. Nikamkuta mama na watoto wake." Mzee akamtazama Gwiza kwa mshangao. "Lakini binti, mnamtafuta wa nini? Watu wake walipata habari. Mimi mwenyewe niliipeleka."

"Ulimwambiaje, Mwalimu?"

"Kama nilivyoagizwa, neno kwa neno. 'Mume wako amefariki mtoni, anakusalimu, amesema asivuke ili watoto wapone, na mbegu hizi ni zako.' Sikutaja jina, mtoto hamtaji mkubwa kwa jina mbele ya mkewe. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaninywesha uji, akanishika kichwa. Nikajua amepokea, nikawaambia hivyo wenzetu, na hakuna aliyeona haja ya kupanda tena."

"Ulisema kwa lugha gani?"

"Kwa Kiswahili. Sikuwa na nyingine. Kinyarwanda chenu wakati ule sikujua hata salamu."

Gwiza aliacha neno limfikie mzee lenyewe, na aliona lilivyofika machoni.

"Hakusikia," Mwalimu akasema.

"Hakuna aliyejua Kiswahili mlimani kule siku zile. Lakini mbegu aliipanda, Mwalimu. Tunaila mpaka leo. Tunaiita mbegu ya mtoto Mswahili."

Mzee akafunika uso wake wenye makovu kwa kiganja, akakaa hivyo kidogo. Kisha akainuka. "Nipe bega, binti. Nimalize kazi niliyotumwa."

*

Shangazi Kamikazi ndiye aliyewaona kwanza wakiingia uani. Alikuwa na la kusema, kama siku zote, lakini alipouona uso ule mdomo ukabaki wazi. Alikuwa na miaka kama mitano siku mgeni alipopanda mlima wao.

"Makovu," akasema. "Yule mtoto alikuwa na makovu. Nilijificha nyuma ya mama."

"Na ulikuwa unakula muwa," Mwalimu akajibu kwa Kinyarwanda alichojifunza tangu hapo. "Ukauficha nisikuombe."

Walimkalisha Bibi kitandani, mto mgongoni. Mwalimu akaketi mbele yake, akasema ule ujumbe upya tangu mwanzo, neno kwa neno, safari hii kwa lugha mbili. Bibi alisikiliza huku kichwa amekiinamisha upande wa jicho linaloona.

"Kwa hiyo alikuwa anarudi," akasema.

"Alikwisha kurudi, mama. Alibakiza mto tu."

Bibi akapumua pumzi ndefu, kama mtu aliyeshushwa mzigo na bado anasikia alama yake kichwani. Kisha akasema, "Gwiza. Mlangoni."

Gwiza alielewa. Mmoja wa damu yake. Shangazi angeweza, lakini Bibi alimtaja yeye. Akasimama kizingitini. Nje palikuwa na mafundi cherehani, wauza mkaa, wanawake wanaosukana, Biryogo nzima na masikio yake.

"Sebishyimbo," akasema.

"Unamwita au unamwungamia padri?" Shangazi akauliza kutoka ndani.

Gwiza akajaza kifua. Sauti iliyotoka hakuijua ni ya nani; ilivuka ua, ikavuka mabati, cherehani zikanyamaza.

"Sebishyimbooo!"

Na kutoka ng'ambo ya ukuta fundi mmoja akajibu kwa sauti ileile, "Kilo bei gani?"

Bibi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na Shangazi akamshika, wakalia pamoja kilio cha kweli, cha mtu aliyefiwa leo, na majirani wakaanza kuingia mmoja mmoja kuuliza nani amekufa. Wakaambiwa, wakakaa. Yule fundi naye akaja, kofia mkononi, anaomba radhi kwa kila mtu.

Pombe ya mtama ikamiminwa, na maharage mekundu yenye mchirizi mweupe yakapikwa. Ilipakuliwa sahani moja moja kwa kila aliyekuwepo, na hakukuwa na sahani ya kuacha ipoe. Mwalimu alisukuma kibuyu kwa heshima, akapokea sahani yake. Akatafuna taratibu, macho amefumba.

"Nilizibeba kutoka mtoni," akasema, "na leo ndiyo mara ya kwanza kuzionja."

"Zikoje?" Shangazi akauliza.

"Alikuwa na haki kutunyima."

Bibi alikula sahani nzima, ya kwanza tangu homa. Alipomaliza akanyoosha mkono gizani mwake mpaka ukamkuta Gwiza, akamwagiza amletee ungo na mbegu zilizobaki, azichambue. Nusu zipelekwe Kinyinya kwa wifi yake, na konzi moja apewe Mwalimu kwa bustani yake.

"Sasa nina la kumwambia mama yule," akasema, vidole vikianza kutembea juu ya maharage. "Ila asinifanyie haraka. Mvua imekaribia, tupande kwanza."